Mfuniko na Bomba Kabla ya Faini

Kila msimu wa mvua wananchi huambiwa waangamize mazalio ya mbu. Agizo hilo ni la haki. Lakini hatuna budi kuuliza: mazalio hayo yako nyumbani kwa nani, na kwa sababu gani?

Tuitazame Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, katika Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012. Hapo, kama kwingi katika ukanda wa dhahabu, mwenye nacho huwa na tangi lenye mfuniko. Asiye nacho hununua maji kwa dumu au huyafuata kisimani, akayaweka katika pipa lililo wazi, kwa kuwa hajui kesho atayapata wapi.

Mbu aenezaye homa ya dengue na chikungunya huyapenda maji ya namna hiyo. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu miezi kadhaa kabla ya kuanguliwa. Naye huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Mbu wa malaria ni mwingine: huuma usiku, na hutafuta madimbwi na mashimo, yakiwamo yaachwayo wazi na wachimbaji. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea vya malaria kwa watoto 17 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Geita, hali wastani wa Bara ulikuwa 7.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani jambo hili ni la Bara peke yake. Zanzibar iliugua kidingapopo mwaka 1823, na tena mwaka 1870. Mwaka 1952 chikungunya ilizuka Newala, kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji yalitekwa mbali na kuhifadhiwa nyumbani. Homa haikati tikiti ya meli. Huja ndani ya damu ya msafiri.

Kwa hiyo tunapinga desturi ya kuanza na faini. Kumwamuru mama aliyejitwika ndoo kutoka mbali ayamwage maji yake ni kuthibitisha kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, mapipa yapate mifuniko, na kuta zake zisuguliwe kila wiki, maana yai huweza kuwa mbu kwa muda wa siku kumi hivi. Pili, mashimo ya machimbo yafukiwe. Tatu, na hili ndilo kubwa, bomba lifike na litoe maji kila siku. Bomba litoalo maji mara moja kwa wiki huongeza mapipa badala ya kuyapunguza. Maji ya Ziwa Victoria yalifikishwa Shinyanga na Kahama mwaka 2009. Umbali, basi, si kisingizio.

Afisa atakayeingia uani na kitabu cha faini, na aingie kwanza na mfuniko.