Tangazo la shamba la Ngoliba lisomwe Ngoliba

Hatimiliki ikipotea, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya 2012 inadai tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika magazeti mawili yanayosambazwa nchi nzima kabla mpya haijatolewa, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Nia ni njema, ila shabaha imekosewa. Shamba likiwa Ngoliba, Thika Mashariki, tangazo lenye nambari ya ploti kwa herufi ndogo hujificha kurasa za ndani za gazeti la Nairobi, ilhali jirani anayejua ni nani hasa hulima pale yuko upande wa Kilima Mbogo na gazeti hilo halimfikii. Tapeli hahitaji kuvunja sheria hapo. Kimya cha majirani kinamtosha.

Marekani iliwahi kulitatua jambo hili katika mbuga za Dakota. Sheria ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160, mradi aishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Mwaka 1879 likaongezwa sharti: kabla ya kuthibitisha haki yake, atangaze katika gazeti lililo karibu zaidi na shamba, akitaja majina ya mashahidi wake. Ada aliilipa mwenyewe. Wachapishaji wakafuata walowezi na mashine zao za mkono hadi vijiji vya nyumba chache, na mengi ya magazeti hayo yalikufa matangazo yalipokwisha. Hata hivyo, kwa muda yalioishi, jirani alijua nani anadai nini, na kando ya matangazo akasoma bei ya ngano na habari za shule.

Kuna watakaosema magazeti hayo yalipiga debe la walowezi na kuwasahau Walakota, wenyeji wa mbuga hizo, walionyang'anywa ardhi. Ni kweli, na hata hapa kwetu magazeti ya walowezi yalikuwa na dosari iyo hiyo. Jibu la chama cha Kikuyu Central Association mwaka 1928 lilikuwa kuanzisha gazeti lake, Muigwithania, chini ya mhariri Kenyatta. Sauti ya upande mmoja iliongezewa ya pili. Wengine watasema WhatsApp na redio zinatosha. Zinaeneza habari haraka, lakini ujumbe hufutwa na matangazo ya redio hupita. Karatasi yenye tarehe hubaki ya kupelekwa mahakamani. Hofu ninayoiona nzito ni gazeti dogo kutiwa mfukoni na mwanasiasa anayegawa matangazo. Kwa hiyo ada ipangwe na sheria, iwe moja kwa wote, na mwombaji alipe moja kwa moja bila kupitia afisi ya kaunti. Gharama haitapanda iwapo moja ya yale magazeti mawili ya kitaifa litaachia nafasi yake gazeti la Kiswahili linalosambazwa Thika Mashariki, na nakala ikabandikwa kwa chifu kwa muda wote wa kupokea pingamizi.