Bawaba ikilegea, msituambie tutupe

Najua wengi mlitegemea wiki hii niandike habari za UE na foleni ya maji hosteli. Hayo yatakuja. Leo naandika kuhusu bawaba ya gemu. Ndiyo, gemu, lile la kushika mkononi, la kukunja kama kitabu. Atakayeniuliza "ticha mzima unaandika mambo ya gemu?" asome mpaka mwisho kwanza, halafu ndio anicheke.

Hoja yangu naiweka mezani mapema: bawaba inapoanza kulegea, ndio wakati wake wa kutengenezwa. Anayekwambia usubiri ivunjike, na anayekwambia utupe ununue nyingine, wote wawili wanakunyima kitu kikubwa kuliko gemu. Wanakunyima kujua.

Gemu lenyewe ni la mdogo wangu. Yupo kidato cha pili, shule ya bweni, huko haliruhusiwi, kwa hiyo shule zilipofungua akaniachia. Alilinunua kwa hela ya kuku wake aliowafuga mwenyewe likizo mbili. Akaniambia, "Dada, kioo kinainama chenyewe. Wewe upo chuo kikuu, utakuwa umelitengeneza nikirudi." Jina la kampuni silitaji, maana ugonjwa huu hauna kampuni moja. Kila kitu kinachokunjwa na kukunjuliwa mara mia kwa wiki, iwe laptop, iwe redio, iwe mlango wa kabati, siku moja kitalegea.

Sasa sikieni ushauri niliopewa hapa kampasi. Rumeti wangu: "Aah, ni gemu tu, liegemeze ukutani ucheze." Kaka mmoja wa chumba cha chini: "Mwagia supaglu, litasimama mpaka Yesu arudi." Fundi mmoja mjini hata hakulishika, akalitazama kwa mbali akasema, "Dada yangu, hinji za hivi hakuna. Hapa ninalo jingine, nitakufanyia bei nzuri." Watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyesema: hebu tufungue tuone.

Nianze na wa kuegemeza. Huyu hajui kinachopita ndani ya bawaba. Picha ya kioo cha juu haifiki kwa miujiza, inapita kwenye utepe mwembamba ambao mafundi wanauita fleksi, na utepe huo unapita kwenye mkunjo au karibu yake kabisa. Bawaba ikicheza, kioo kinakwenda pembeni na mbele kuliko kilivyopangiwa, na kila mara utepe unavutwa au unabanwa. Leo kioo kinainama, kesho kinapiga mistari, keshokutwa giza. Hapo ndipo skrubu ya kukaza inapogeuka kuwa kioo cha kununua. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi hiyo methali tunaijibia mtihani kila mwaka halafu tunaiacha kwenye karatasi.

Huyu wa supaglu ndiye hatari zaidi, kwa sababu anajiamini. Supaglu ni nyepesi kama maji, haikai pale ulipoiweka, inajipenyeza. Itaingia kwenye ekseli ya bawaba na kuigandisha. Siku utakayofunga gemu kwa nguvu, bawaba haizunguki, kwa hiyo plastiki ndiyo inayopasuka. Mvuke wake nao unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki na kioo. Na wale wa "tia mafuta kidogo": bawaba nyingi za aina hii zinasimamisha kioo kwa msuguano. Ukilainisha msuguano, umelegeza zaidi!

Sasa tuongee kama watu waliokwenda shule. Kulegea kuna sababu kuu tatu. Ya kwanza, skrubu zinazoshika bawaba kwenye ganda zimelegea. Ya pili, ganda lenyewe limepasuka pale bawaba inapokaa. Ya tatu, bawaba yenyewe imechoka ndani. Vifaa vingine vina bawaba kama ya laptop, bati dogo la chuma lililofungwa kwa skrubu. Vingine, kama familia ya Nintendo DS iliyoanza 2004, vina kijipipa chenye springi kinachokwama "tak" kioo kikifika mahali pake.

Kupima hakuhitaji digrii. Shika nusu ya chini, sukuma kioo taratibu kushoto na kulia. Kikicheza pembeni na ukaona mwanya unafunguka na kufunga, shaka skrubu. Ukiona mstari mwembamba kwenye plastiki pembeni ya bawaba, ganda limeshaumia, na hapo dawa ni kubadilisha ganda, usikaze kitu. Kama hakichezi pembeni, plastiki ni nzima, ila kioo kinaanguka chenyewe, basi bawaba imechoka na inatafutwa nyingine. Magonjwa matatu, dawa tatu. Supaglu haimo.

La mdogo wangu lilikuwa la kwanza. Nilinunua seti ya bisibisi ndogo kwa elfu kumi ya boom, nikazima, nikafungua, nikachomoa waya wa betri kabla ya kugusa kingine chochote, nikapanga skrubu kwenye karatasi niliyochora umbo la gemu, kila moja mahali pake. Skrubu mbili za upande wa kulia zilikuwa zinazunguka kwa kucha. Nikazikaza kwa vidole viwili, nikasimama zilipokataa, kwa sababu skrubu inayoingia kwenye plastiki ukiilazimisha inakula nyuzi zake na haishiki tena. Dakika arobaini na tano. Kioo kimesimama. Rumeti akasema, "Kumbe?" Ndiyo, kumbe.

Msidhani lakini kwamba wa kulaumiwa ni rumeti na fundi peke yao. Hawa wamefundishwa kukata tamaa, na waliowafundisha wapo. Fungua vifaa vingi vya Nintendo utakutana na skrubu yenye alama kama herufi Y. Bisibisi ya nyumbani haiingii. Tuseme basi umeipata bisibisi. Vipuri je? Nintendo DS ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Mrithi wake, 3DS, ilitoka 2011, na kufikia 2021 kampuni ilitangaza huko kwao Japani kwamba haipokei tena 3DS za mwanzo kwa matengenezo, sababu vipuri vimekuwa shida kupatikana. Miaka kumi tu! Redio ya babu yangu inanizidi umri na bado inasoma taarifa ya habari.

Halafu njooni kwenye sheria. Marekani wamepigania sana haki ya mwananchi kutengeneza kitu chake. Jimbo la Minnesota likapitisha sheria 2023, California nayo mwaka huohuo, zote zikaanza kazi Julai 2024. Zinawalazimisha watengenezaji kutoa vipuri, vifaa na maelekezo kwa wateja na mafundi wa nje. Ukisoma unafurahi, mpaka ufike kwenye orodha ya vilivyosamehewa. Mashine za gemu zimo kwenye msamaha, katika majimbo yote mawili! Hoja ya wenye viwanda ni kwamba wakifungua milango ya matengenezo, watu wataiba michezo. Sawa, tuseme kuna ukweli kwenye programu na funguo zake. Lakini bawaba, ndugu zangu? Bawaba inaiba nini? Kipande cha chuma na springi hakijawahi kunakili mchezo wa mtu.

Mtasema California inatuhusu nini sisi wa Dar. Inatuhusu. Tunavyotumia hapa vingi vimeshatumika kwao kwanza. Vikija kwetu vimekuja na umri wao, magonjwa yao, na ukosefu wao wa vipuri. Fundi wa Kariakoo akisema "hinji hakuna", mara nyingi anarudia tu uamuzi uliofanywa ofisini na watu wasiojua hata njia ya kwenda Kariakoo.

Na sisi walimu watarajiwa tunafanya nini? Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea 1967. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika 2024, una mkondo wa amali kabisa. Tunayajadili hayo kwenye semina, tunapata A, tunatoka nje na laptop yenye bawaba iliyofungwa kwa selotepu. Utamfundishaje mtoto amali kama wewe mwenyewe unaogopa skrubu? Mtoto wa kidato cha pili aliyefuga kuku akanunua kitu, akiambiwa "tupa", somo alilopata ni kwamba jasho lake lina tarehe ya kuisha na tarehe hiyo inapangwa na mtu mwingine.

Mdogo wangu akirudi likizo simpi gemu lililofungwa. Nampa bisibisi na ile karatasi yenye mchoro, alifungue mwenyewe, aone mahali nilipokaza. Likilegea tena, maana litalegea tu, asinitafute mimi.

Kwenye dawati langu kuna seti moja ya bisibisi. Wa hosteli anayetaka kuazima agonge mlango. Wa supaglu asigonge.

Naomba kutoa hoja.