Shabaha Kabla ya Bunduki

Ni kweli kwamba bunduki ya kukunja mtutu, kwa kuwa mtutu wake huungana na mwili kwa pini ya bawaba, haiwi na shabaha thabiti pini hiyo ikishalika, na kwamba fundi akitia pini nene zaidi, na kipete cha mpira penye parafujo ya mti ulio chini ya mtutu, aghalabu risasi hukusanyika pahala pamoja. Walakini sisi wa Malindi, ambao uwindaji ulipigwa marufuku kwetu tangu 1977, tunayo maarifa ya jinsi hiyo yaliyoitangulia bunduki, nayo ni ya Waata wa nyika ya Galana, waliowinda ndovu kwa upinde mrefu, mzito sana kuuvuta, na kwa mshale ulioungwa kwa uti, manyoya na kigumba cha chuma, kilichopakwa sumu na kuzongwa ngozi nyembamba isikauke. Msako wa majangili wa 1956 na 1957 uliwatia wengi wao gerezani; nami naona ni dhuluma kubwa kuwakumbuka kwa ujangili tu, pasipo kuutaja ustadi wao.