Mjomba si Baba Mdogo

Hapa Mlalo twasikia vijana wakimwita kila mtu mzima "anko", nao wajiona wameendelea. Sisi twasema wamerudi nyuma. Asili ya neno hilo ni Kilatini, avunculus, yaani ndugu mume wa mama. Ndugu wa baba aliitwa patruus. Hata Waingereza wa kale walikuwa na majina mawili, wakayaacha. Je, nasi tuyaache yetu? Baba mkubwa, baba mdogo, mjomba: kila mmoja ana haki yake na wajibu wake. Siku ya kupokea mahari, au ya kugawa shamba la marehemu, tutamwita "anko" yupi? Enyi wazazi, wafundisheni watoto majina haya nyumbani, kabla hawajafika kwetu shuleni. Apotezaye jina la ndugu, kesho humpoteza na ndugu mwenyewe.