MRI ni nzuri, lakini jicho la mtoto halisubiri

Tests zimenibana na bumu ndio hivyo tena, ila nipo.

Juzi pale kimbweta tulibishana sana. Jamaa mmoja akasema eti mtoto akivimba jicho huko wilayani, bila MRI hakuna kitakachofanyika, bora mzazi aanze tu safari ya Dar. Wengi wakaitikia. Mimi sikubaliani naye.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Ndani ya kope kuna utando mwembamba. Maambukizi yakiishia mbele yake, kope inavimba na kuwa nyekundu, lakini jicho lenyewe huwa salama. Yakipita nyuma, kwenye tundu linalobeba jicho, hapo ni hatari. Mara nyingi bakteria wanatokea kwenye sainasi, zile nafasi zenye hewa pembeni ya pua, maana mfupa unaozitenganisha na jicho ni mwembamba kama karatasi. Usaha ukijikusanya huko nyuma, mtoto anaweza kupofuka. Maambukizi yakifika kwenye ubongo, anaweza kufa.

Sasa MRI. Haitumii mionzi kama eksirei, inatumia sumaku kali na mawimbi ya redio kusoma hidrojeni iliyomo kwenye maji ya mwili. Ndiyo maana inaonyesha vizuri nyama laini: misuli ya jicho, neva ya kuonea, jipu, hata damu iliyoganda kwenye mshipa mkubwa nyuma ya jicho. Lauterbur na Mansfield walipewa Nobel mwaka 2003 kwa ugunduzi ulioizaa mashine hii, na walistahili. Mwaka 2021, India ilipokumbwa na ugonjwa wa fangasi weusi kwa wagonjwa wa UVIKO-19, MRI iliwasaidia madaktari kuona fangasi wamefika wapi kati ya pua, jicho na ubongo. Kwa hiyo siidharau hata kidogo.

Ila ina mambo yake. Inaweza kuchukua nusu saa au zaidi, na mgonjwa asitikisike. Mtoto mdogo mwenye homa na maumivu atatulia vipi? Mara nyingi inabidi alazwe usingizi kwa dawa. Ndiyo maana hata hospitali zenye kila kitu mara nyingi huanza na CT, inayomalizika kwa dakika chache japo ina mionzi, halafu MRI inafuata pale daktari akihofia ubongo au CT isipotoa jibu kamili. Na kubwa kuliko yote: mtoto mwenye dalili za hatari huanzishiwa antibayotiki za mshipani mapema. Picha inasaidia kujua usaha uko wapi na kama apasuliwe. Haitakiwi kuchelewesha dawa.

Na dalili zenyewe hazihitaji umeme. Jicho limejitokeza nje. Linauma likigeuzwa au halisogei kabisa. Mtoto anaona vitu viwili viwili, au uwezo wa kuona umepungua. Juu ya uvimbe kuna homa. Mwambie afuate kidole chako kwa macho bila kugeuza kichwa, utagundua mengi.

Hapo ndipo sisi walimu watarajiwa tunapoingia. Januari 2024 macho mekundu yalipotuvamia, mwanafunzi kurudishwa nyumbani asiambukize wenzake ilikuwa sawa kabisa. Lakini kwa mazoea yale yale, mwalimu wa zamu anaweza kumwambia mtoto mwenye jicho lililovimba na homa, "nenda nyumbani ukaoshe na maji ya chumvi." Yaani huyo alitakiwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo! Nyumbani anapoteza siku mbili, na jicho linaweza kwenda nazo.

Basi MRI za mikoani tuzidai, kwa sauti kubwa. Lakini tusijenge imani kwamba bila mashine hakuna tiba, maana imani hiyo ndiyo inayomfanya mzazi akate tamaa au apite kituo cha afya cha jirani ambacho kingeanza dawa na kumwandikia rufaa. Kwenye kozi zetu za ualimu tunajazwa nadharia za kila aina. Saa moja tu ya dalili za hatari kabla ya TP ingetosha kuokoa jicho la mtu.

Anayepinga aje kimbweta na hoja, sio kelele. Naomba kuwasilisha.