Askari Anaporudi Darasani

Mwezi huu tuna neno na nyumba zenye askari aliye kazini ambaye ameamua kusoma chuo kikuu utu uzimani. Hapa Unguja nyumba za namna hiyo si chache. Ndugu zetu wa JWTZ, KMKM na JKU wana njia ambazo wazee wao hawakuwa nazo: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, humwezesha mtu kusoma huku akiendelea na kazi yake, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilianza kufundisha mwaka 2001.

Siku moja tulikuwa kwenye meza yetu ya kupima shinikizo la damu kanisani. Akaja mama mmoja wa Mji Mkongwe, askari mwenye miaka 43 na watoto watatu. Alilalamika kichwa kumuuma kila jioni. Kipimo kilikuwa juu kidogo, tukamwambia arudi apimwe tena, maana kipimo kimoja hakitoshi. Tulipomuuliza habari za nyumbani, machozi yakamtoka.

"Dada, nimekuwa mjinga," alisema. "Ukurasa mmoja nausoma mara nne hauingii. Vijana darasani wananiamkia shikamoo, na mimi ndiye wa mwisho kuelewa."

Mkobani alikuwa na barua ya kuacha masomo, tayari ameitia sahihi. Mumewe alikuwa amekwisha kumwambia kwamba bunduki haiulizi shahada.

Tulimpa kitabu cha nyimbo asome. Akakisogeza mbali, mkono ukanyooka wote. Kumbe! Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na herufi za karibu hufifia. Wengi hawajui, kwa sababu kazini hawasomi maandishi madogo kwa saa nyingi. Akifungua vitabu, macho huchoka, kichwa huuma, naye hudhani akili imeisha. Tukamwelekeza akapimwe macho apate miwani ya kusomea.

La pili lilikuwa usingizi. Alikuwa akitoka zamu ya lindo alfajiri, anapika, kisha anafungua daftari huku akijiamsha kwa kahawa. Tuliosomea uuguzi tunalijua jambo hili kwa miili yetu wenyewe. Yale tuliyojifunza ubongo huyaweka sawa tunapolala, kwa hiyo baada ya lindo ni heri kulala kwanza, hata saa tatu, ndipo kusoma.

Lipo na jambo lisilo na dawa ya duka. Askari hajipangii safari. Tangu mwaka 2013 wanajeshi wetu wamekwenda kulinda amani mashariki mwa Kongo, na amri haingoji mtihani uishe. Anayepata amri katikati ya muhula aende ofisi ya chuo kabla ya kuondoka, aombe kwa maandishi kuahirisha masomo, nakala ya barua ibaki nyumbani. Akiondoka kimya, huenda akarudi akakuta amehesabiwa mtoro.

Na anayeona haya kukaa na vijana akumbuke Marekani. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia masomo askari waliotoka vitani, na kufika mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa watu hao, wengi wakiwa na wake na watoto. Lakini wale walikuwa wamekwisha kuvua magwanda. Wetu wanasoma wakiwa wameyavaa, na huo ni mzigo mwingine.

Mama yule alirudi baada ya miezi miwili, miwani puani, shinikizo limeshuka. Ile barua hakuipeleka. Watoto sasa huosha vyombo kwa zamu, ila bado wananung'unika. Safari hii alifuatana na mumewe, akasimama nyuma kidogo, mikono mifukoni. Mkewe alipoinuka, naye akakaa.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "hata mimi gazeti siku hizi linanikimbia."