Tezi dume: vinasaba vyetu vinasomwa na nani?

Kama baba au kaka yako wa damu aliugua saratani ya tezi dume, hatari yako ni takribani mara mbili ya mwanamume asiye na historia hiyo. Sehemu kubwa ya sababu imo kwenye vinasaba, na vilivyosomwa zaidi hadi sasa ni vya Wazungu.

Mwaka 2023 jarida la Nature Genetics lilichapisha utafiti uliohusisha wagonjwa 156,319 wa saratani hii. Wenye asili ya Afrika walikuwa takribani 19,000 tu, tena wengi wao hawaishi barani humu. Kipimo cha kukadiria hatari kikitengenezwa kwa damu ya watu wa Ulaya, kikiletwa Mbinga au Namtumbo kitakosea zaidi.

Jirani zetu Uganda wameanza. Tangu 2011 Hospitali ya Mulago na Chuo Kikuu cha Makerere wamekusanya sampuli za wanaume wa Kampala wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Tafiti za aina hii zimebaini badiliko moja kwenye kromosomu ya 8 linaloongeza hatari takribani mara mbili. Wazungu karibu hawana badiliko hilo. Wangepimwa wao peke yao, lisingeonekana.

Kwetu Tanzania hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume. Lakini watafiti wakiishia Ocean Road, Dar es Salaam, watawapata waliomudu nauli. Mzee wa Kimatengo aliyeishia zahanati hatahesabiwa. Kwa maoni yangu, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Songea na ile ya Peramiho ziwe washirika kamili, si vituo vya kutoa damu na kuaga.

Ukiombwa sampuli, uliza: utafiti una kibali cha maadili, kama cha NIMR? Damu yangu itahifadhiwa wapi? Kikionekana kitu, nitaambiwa? Una haki ya kukataa na bado ukatibiwa vilevile.

Kwa sasa, ukifika miaka 45, au 40 kama ugonjwa upo kwenye ukoo, zungumza na daktari kuhusu kipimo cha PSA. Ni cha damu. Wanaokimbia kwa kuogopa kidole wanakimbia mapema mno.

Na waulize wazee babu alifariki kwa nini. "Alizibwa mkojo" huenda ulikuwa uvimbe wa kawaida wa tezi, lakini mwambie daktari hivyo hivyo.